Nyonga ya Konso

Mlabani, Jumatatu jioni, mwezi wa tano

Mama,

Shikamoo. Leo nakuambia yote, hata yale ambayo Baba alisema nisikusumbue nayo.

Kitinda mimba wako Konso anakunywa vizuri maziwa ya chupa, na akisikia pikipiki ya Baba anacheka. Lakini wiki chache baada ya kukuzika, nesi wa kliniki alimpanua miguu, akarudia tena. Alisema nyonga ya kushoto haijakaa vizuri. Kichwa cha mfupa wa paja kinateleza nje ya tundu lake. Hospitali wakamvalisha mikanda ya kitambaa kutoka mabegani hadi kwenye nyayo, ili magoti yabaki yamekunjwa na kutanuka. Haivuliwi mchana wala usiku mpaka daktari aseme. Kila mara tunamrudisha kwa kipimo cha altrasaundi, waone kama mfupa unakaa.

Mama Shija wa dukani alituuliza, "Jamani, mmezaa chura?" Baba akamjibu, "Ndiyo, na mafuriko yakija atakuvusha na wewe." Tulicheka, mara ya kwanza tangu utuache. Wewe ungecheka kuliko wote.

Shangazi Getruda, aliyekuja kutoka Kidatu kutulea, hakucheka. Kwake mtoto akishaoga anapakwa mafuta na kunyooshwa miguu, basi. Hata wewe ulimfanyia hivyo mdogo wangu Beda, ukimvuta miguu mpaka visigino vilingane, huku ukimwimbia. Nesi alitueleza kwamba kwa Konso kunyoosha ndiko kunakotoa mfupa. Shangazi aliitikia, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ile ya kumaliza maneno.

Jana Konso alibatizwa. Mimi nilitangulia kanisani kwa sababu ya kwaya. Konso alipoletwa mbele, gauni lake jeupe lilining'inia limenyooka. Shangazi alikuwa amemvua mikanda, akamnyoosha, akamfunga miguu pamoja kwa kitenge. Nilipomfuata nje alininong'oneza, "Ulitaka Padri ambatize mtoto aliyefungwa kama kuku wa mnadani? Watu wangesema hana mama."

Nilifungua kitenge nikambeba Konso ubavuni, miguu imekumbatia kiuno changu, hadi nyumbani. Mikanda ilikuwa kwenye kamba ya nguo, inachuruzika maji.

Leo asubuhi tulikwenda hospitali wote. Daktari alipitisha kifaa kwenye nyonga, akatazama kioo, akapitisha tena. Baba alikuwa ameikunja kofia yake hadi ikawa kama kitambaa cha kufutia meza. Shangazi akauliza, "Huo mduara ndio mfupa wenyewe?" Konso peke yake ndiye aliyekuwa akipiga kelele.

"Umelegea," daktari akasema. "Ila haujatoka."

Amemfunga upya. Picha ijayo ndiyo itakayoamua: tuendelee na mikanda, au apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa. Shangazi alimwomba nesi amfundishe kumfuta mwili bila kuvua mikanda. Alikosea, akarudia, machozi yakimdondokea Konso tumboni. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia. Nilishindwa.

Halafu daktari akauliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyezaliwa na nyonga za namna hii. Baba alinitazama, nami nikamtazama. Sote tulikuwa tunauona mwendo wako, ulivyoinamia kushoto kila hatua, nasi tukidhani ni uchovu wa shambani, wa kubeba mpunga. Bibi wa Malinyi aliyekuzaa angejua, lakini naye yuko huko uliko.

Lala salama, Mama. Nakuahidi mikanda hii haitavuliwa tena nikiwepo, na nikienda shule Shangazi atailinda. Leo naamini hivyo.

Usichelewe kunijibu, hata kwa ndoto tu. Muulize Bibi: na wewe ulizaliwa hivi? Ulikuwa unaumia miaka yote ile?

Mwanao,
Skola