Daraja Ulilolifia

Mwenda,

Tumecheza bila wewe. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nakula au kama nalala. Tumecheza hapa Nkubu, katika kile chumba nyuma ya duka la mbegu, na watu wa Ishiara walikuwepo. Na mama yako alikuwepo.

Ngoja nikueleze polepole. Nikienda haraka nitalia, na nimeshaharibu karatasi nyingine.

Tangu ulipoondoka watu wananiuliza mchezo wenyewe ni nini, nami siwezi kueleza kama wewe. Wewe ulikuwa unasema tu, "Ni hadithi ambayo hakuna anayejua itaishaje, hata mimi ninayeisimulia." Halafu unamvuta mtu kiti. Mmoja anasimulia, na kila aliyeketi mezani anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi: mhunzi, mkunga, mchunga mbuzi. Anasema anataka kufanya nini, na pale ambapo haijulikani kama ataweza, dadu inaamua. Ndiyo hivyo tu. Lakini nikisema mimi, naona watu wananitazama kama mgonjwa.

Mimi mwenyewe nilikuja kibandani kwako Kinoru, Meru mjini, ulipokuwa unatengeneza redio, nikiwa na redio ya duka iliyokuwa imenyamaza. Niliondoka jioni redio ikiwa bado imenyamaza, lakini mimi nikiwa mwanamke mhunzi mwenye deni la damu na mfalme. Ulicheka mpaka ukadondosha bisibisi. Ulikuwa umefundishwa mchezo huu sekondari na yule mwalimu wa kujitolea, na aliporudi kwao akakuachia kitabu kisicho na jalada na dadu zenye pembe nyingi. Ukaondoa theluji yao na majumba yao ya mawe. Ukaweka mito, mtama, ukungu wa asubuhi, masoko. Ukaiita Nchi ya Mito.

Na haikukutosha kuwa na meza moja. Ulitaka watu wasiojuana waishi katika nchi moja. Meza ya Kinoru, yetu ya Nkubu, ya Embu mjini, halafu ile ya Nyaga kule Ishiara, anayecheza na wenzake Jumapili akishafunga bucha. Kila meza inacheza kivyake, kisha anayeisimamia anakuandikia yaliyotokea, nawe unayaunganisha na kuyarudisha kwetu sote kwa waraka. Nilipenda jinsi ulivyoziandika zile habari kama maneno ya sokoni. "Inasemekana huko kusini kuna mhunzi anayekataa kuuza mapanga." Nilisoma hilo nikajua kwamba huyo ni mimi, na kwamba huko Ishiara kuna muuza nyama nisiyemjua anayesikia habari zangu. Sijui kama niliwahi kukuambia furaha niliyoipata siku ile.

Sheria yako ilikuwa moja. Kilichotokea mezani kimetokea. Hakuna meza inayofuta ya wenzake.

Ndipo mvua zile zikaja. Barabara zikakatika, barua zikakaa njiani, na waraka wako wa kusema kwamba, ndani ya hadithi, watu wa Nkubu wako juu ya daraja la Mto Mkuu na wagonjwa wao haukufika Ishiara. Watu wa Nyaga walikuwa wanakimbizwa na jeshi. Walivuka, wakachoma daraja nyuma yao. Kwa upande wao walikuwa wameokoa kijiji kizima. Kwa upande wetu, watu tuliokuwa tumewalea tangu mwanzo waliungua au walichukuliwa na maji.

Unakumbuka hasira ya Nkubu. Karimi wa meza yetu alisema hachezi tena mpaka daraja lifutwe. Barua ya Nyaga ilipofika nayo ilikuwa na maneno makali, kwamba watu wa mlimani wanajiona wenye nchi. Hapo haikuwa tena habari ya mchezo. Ilikuwa Wameru na Wambeere, watu wa baridi na watu wa jua, maneno ambayo tulikuwa tumeyaacha nje ya mlango siku zote. Nilikwambia uandike waraka wa kuwatuliza. Ukasema, "Kage, hii maneno haiwezi kuandikwa. Nikiandika, kila mtu atasoma na sauti ya hasira yake. Wacha niende nikae na Nyaga tuongee."

Ukaenda. Ukashukia pale barabara ilipokuwa imekatika, ukatembea kwenye tope lote lile hadi Ishiara. Ukalala kwa Nyaga karibu wiki mbili. Mkala, mkaongea, mkaelewana. Uliporudi ulipita dukani ukiwa mchafu mpaka magotini, na uso wako ulikuwa kama wa mtu aliyeshinda uchaguzi. Ukasema Nyaga atakuja Nkubu na watu wake, mvua zikipungua, tucheze meza moja. Ukaomba maji. Ukasema jua la kule limekuchosha kidogo.

Kumbe halikuwa jua.

Sisi wa huku juu hatukuzijua dalili vizuri. Kila mtu alisema ni homa ya kunyeshewa. Ulipopelekwa hospitali malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Nilipofika ulikuwa unaweweseka. Ulikuwa unanitazama bila kuniona, na ulikuwa unaongea, Mwenda, hukunyamaza, ukisema watu waambiwe wasipite kwenye daraja. Waambieni daraja halipo. Mama yako alikuwa amekushika miguu. Alinitazama akaniuliza, "Daraja gani?"

Nikachovya kitambaa kwenye maji nikakufuta uso.

Siku ya mazishi aliniuliza tena. Tulikuwa tumesimama nyuma, karibu na migomba, kwa sababu mjomba wako alikuwa ameuliza kwa sauti kama ndio sisi watu wa dadu, na mchungaji alikuwa amehubiri kidogo kuhusu vijana na michezo ya gizani. Nyaga hakuwa amefika. Alifika kaburi likiwa limefukiwa, viatu mkononi, akasimama mbali kama mtu asiye na haki ya kukaribia. Mama yako akanijia mimi. Akanishika kwa mkono wake ule mgumu, akasema kwa Kimeru, taratibu, ili nisiweze kusema sikusikia: "Mwanangu alikufa akitaja daraja. Alienda Ishiara kwa sababu ya daraja. Ni daraja gani hilo, mwari?"

Ningemwambia nini? Utamwambiaje mama kwamba mwanawe amekufa kwa ajili ya daraja ambalo halijawahi kuwepo? Nilimwambia ulienda kupatanisha watu. Akauliza walikuwa wamegombania nini. Nikalia tu, naye akaniachia mkono.

Baada ya hapo sikutaka kuziona dadu. Niliandika kwa kila meza kwamba umefariki, maneno machache, halafu sikuandika kitu kingine. Embu waliacha kucheza, na sijui kama watarudi. Hapa Karimi alikuja dukani akasimama kwenye kaunta muda mrefu bila kununua kitu, kisha akasema haya, daraja libaki limeungua, yeye hana neno. Na Nyaga akaniletea ujumbe wa kinyume. Kwamba wao Ishiara wamekubaliana daraja lifutwe. Iwe halikuungua. Iwe waraka ulifika, watu wetu wawe hai, na wewe usiwe na sababu ya kwenda kwake.

Nilikaa na ujumbe huo siku nyingi. Mwenda, nilitaka kufuta. Nilitaka sana. Si daraja tu. Nilitaka tufute mvua, na kitanda ulicholalia kule Ishiara, na mbu. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Nikamjibu Nyaga kwamba kilichotokea kimetokea, lakini aje. Ulisema atakuja, basi aje.

Akaja Jumamosi na wenzake watatu, na kiroba cha ndengu, na mguu wa mbuzi uliofungwa vizuri kama mahari. Tulikuwa tunapanga viti, ndipo mlango ukafunguliwa akaingia mama yako. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Sijui nani alimwambia. Alituangalia wote, akaangalia meza, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Nimekuja kuonyeshwa hiyo daraja."

Nyaga alisimama. Mwanamume mkubwa vile, anayebeba paja zima la ng'ombe begani, alivua kofia akaishika kifuani. "Mama, ni mimi nilichoma."

"Ulichoma daraja? Mimi niliambiwa ni mvua ilibeba barabara."

"Hapana, mama. Ile ya kwenye hadithi."

Hakuna aliyecheka. Mama yako alivuta kiti akaketi. Nikajua kwamba nikianza kueleza tutakuwa kama siku ile ya mazishi. Kwa hiyo sikueleza. Niliketi mahali pako na nikasimulia, kwa Kimeru, jambo ambalo hatukuwahi kufanya, maana wewe ulisisitiza Kiswahili ili asiwepo mgeni mezani. Watu wa Ishiara hawakulalamika, waliinama wakasikiliza walichoweza kusikia. Nikamwambia: mama, wewe ni mwanamke unayetoka sokoni na kapu la ndizi. Umefika mtoni. Daraja limeungua, yamebaki magogo meusi. Upande huu wako watu wa Nkubu na maiti wao. Upande ule wako watu wa Ishiara waliolichoma. Wanatazamana. Nyumbani kwako ni ng'ambo. Unafanya nini?

Aliinamia meza kama anayeutafuta mto wenyewe. Nikafikiri nimemkosea. Halafu akasema, "Wamekaa tu hapo wakiangalia maji?"

"Ndiyo, mama."

"Kwani huko hakuna miti?"

Karimi akasema iko. Mama yako akamgeukia kwa ukali kabisa. "Basi mnangoja nini? Wewe kata. Na wewe muuza nyama uko upande ule, kata pia. Mtakutana katikati."

Mwenda, walikata. Nyaga na Karimi, mmoja ng'ambo na mmoja huku, wakiitana juu ya maji kupimana urefu wa magogo. Watu walioandikiana matusi. Ikafika mahali pa kuvuta gogo la kwanza kuvuka mkondo, na hapo lazima dadu. Mama yako akaitazama bila kuigusa. Akasema mchungaji amekataza. Nikamwambia si lazima, nitarusha mimi. Akafikiri. Akaichukua, akaifunika kwa viganja viwili kama kifaranga, akairusha.

Ilianguka vibaya. Vibaya kabisa. Nikatamani kusema uongo, na najua ungenishika mkono. Nikasema maji yamelichukua gogo.

Aliitazama ile dadu. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na Nyaga naye, na sote. Aliyafuta kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Akasema, "Leteni lingine."

Tulicheza hadi jua lilipoanza kuinama. Daraja halikwisha siku hiyo. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni akaniambia kwamba alikuwa anakusikia chumbani kwako ukicheka peke yako, na alikuwa anaogopa, alifikiri kuna kitu kimeingia kichwani mwako. Alikuwa anakuombea. "Kumbe alikuwa anacheka na watu," akasema. Halafu akamwambia Nyaga ambebee kiti nje apumzike kidogo, na Nyaga akabeba kiti, akaketi chini karibu na miguu yake. Sijui waliongea nini. Sikwenda kusikiliza.

Nisikudanganye kwamba mambo ni mazuri. Waraka sasa ninaandika mimi, kwa taipureta ya duka, na herufi zangu zinapanda na kushuka. Watu wawili wa Kinoru wameacha kwa sababu ya maneno ya kanisani. Kibanda chako kimechukuliwa na mtu wa kushona viatu. Nilipita hapo nikaona amening'iniza kioo mahali ulipokuwa unaning'iniza nyaya, nikajiona usoni, nikageuka haraka. Kuna mambo yanatokea mezani ya kuchekesha na ninayaweka moyoni nikuambie, nimefika hadi nusu ya njia ya kwenda Kinoru ndipo ninakumbuka.

Na kila Jumamosi tunachelewa kuanza. Viti vimepangwa, watu wote wako, na bado tunakaa. Mmoja anafunga kamba ya kiatu, mwingine anatazama nje. Tunakungoja.

Mwenda, naomba unisikie vizuri hapa. Nchi ya Mito nitaitunza. Nitakwenda Ishiara mwenyewe barabara zikipona, na nitameza dawa kwanza, na nitalala chini ya chandarua, na nitawaandikia watu kwa upole au nitakwenda nikae nao ikiwa hayaandikiki. Mama yako nitamwona kila ninapokuja Meru. Na Jumamosi ijayo, watu wakishaketi, nitaanza kusimulia saa ileile tuliyopatana, bila kutazama mlango. Nakuahidi. Nitatetemeka, lakini nitaanza.

Pumzika sasa. Umetembea sana kwa ajili yetu.

Rafiki yako,
Kagendo