Mume Wangu Amekataa Posa kwa Sababu ya Jitu la Kwenye Gemu

Shangazi Conjesta mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Makambako, nakusoma kila nikilipata gazeti hata kama limeshafungiwa maandazi, na siku zote nilikuwa nasema hawa wanaoandika matatizo yao gazetini hawana ndugu wa kuwasikiliza, sasa leo na mimi nimeshika kalamu. Naomba unisaidie na jina langu usilitaje, kwa sababu mume wangu ni mzee wa kanisa na mimi naimba kwaya, na mji huu ukimwambia mtu mmoja stendi, wa sokoni anakupa pole kabla hujafika.

Nina miaka arobaini na kitu, shule niliishia darasa la saba kwetu Kichiwa, mambo ya mashine siyajui, lakini Mungu alinijalia mume asiyekunywa ulanzi wala kutafuta nyumba ndogo, ana duka la pembejeo na shamba la parachichi, nikawa nasema asante Bwana, mpaka mwanetu wa kwanza Brayson, anayefanya kazi Mbeya, aliponunua mashine mpya ya gemu akatuletea ile ya zamani, eti Baba apumzishe akili wakati wa mvua. Ndani ameyaacha magemu mengi ambayo hata yeye hakuwahi kuyafungua, na jina lake bado liko pale mbele ukiwasha, Brayson juu, Baba chini, kila jina linatunza mambo yake. Basi akili ya baba yake ikapumzika, Shangazi, na mvua zimekatika na kurudi tena, haijaamka.

Ingekuwa anacheza hili akichoka anashika lile ningenyamaza, lakini Baba Brayson amelelewa Lupembe kwenye chai, na kwao watu wakilima kwa kusaidiana kila mtu anapimiwa ngwe yake, huruki kwenda ngwe nyingine kabla hujamaliza uliyoanza, na mwingine haingii ngwe yako kama hujamwita, akiingia amekutangaza mvivu mbele ya shamba zima. Sheria nzuri, ningeomba ibaki shambani. Yeye ameihamishia kwenye televisheni. Magemu yote yale yamepanga foleni kama wagonjwa wa hospitali ya Ikonda, na yeye kama daktari anapita kuyaangalia picha zao moja moja, anayaambia, "Vumilieni, nakuja," lakini haji, kwa sababu lile la kwanza kabisa halijaisha.

Lile la kwanza ni la mtu mwenye upanga anayepanda mlima, na kwenye lango la mlima kuna Jitu lenye shoka. Linamuua. Anaamka kando ya kisima, anakwenda tena, linamuua. Bwana Yesu alifufuka mara moja ikatosha dunia nzima, Mungu anisamehe, mume wangu anafufuka kila jioni na bado haijamtosha, mimi nimeshafiwa kabla ugali haujaiva na baada ya ugali nimefiwa tena. Na Jitu lenyewe wala si gumu anavyolifanya yeye, linainua shoka mara mbili, halafu linavuta pumzi, hapo unaingia chini ya mkono wake wa kushoto unalichoma mguu, basi, ila Baba Brayson hana subira, anavamia kama mbuzi aliyeona mahindi. Na akilipita hilo ndiyo atalia kabisa, maana kule ndani kwenye bustani ya maji meusi yule mama wa taa ni mbaya zaidi.

Sasa shida yangu. Binti yetu Brightness amempata kijana, Denis, mtu wa Ludewa, fundi umeme hapa mjini, mpole, anajua kusalimia. Mume wangu anamjua, alishampa hadi miche ya parachichi apeleke kwao. Jumamosi moja mchana akaja mshenga wao, Bwana Romanus, mtu mzima, na mwenzake mmoja. Nimepika kuku, nimefunika meza, nimevaa kitenge cha Pasaka, na Baba Brayson yuko kwenye kochi, macho kwenye kioo, anawaambia wageni, "Kamwene, karibuni sana, nipeni dakika moja tu niimalize hii kazi." Kazi! Wageni wakakaa mpaka chai ikaota utando.

Jitu likamuua. Wakati huo huo gari la kuchukua parachichi likapiga honi nje, akaweka pedi ya kuchezea mezani akatoka kuwapimia wanunuzi. Mimi niko jikoni napakua. Narudi na sinia, namkuta Bwana Romanus ameshika pedi, ulimi umemtoka pembeni, na mume wangu amesimama mlangoni, na kwenye kioo Jitu linaanguka. Linaanguka polepole, Shangazi, na vumbi lake, na muziki juu.

Bwana Romanus akaweka pedi chini, akajifuta mikono, akasema, "Mzee, pole na kazi. Lile nimeshakumalizia. Kumbe ni mguu tu!" Na akatabasamu, anangoja ashukuriwe.

Baba Brayson alizima mashine. Akakaa. Akauliza, "Enhe. Mmekuja na shida gani?"

"Mzee, tumeona ua kwenye nyumba hii..."

"Huyo kijana wenu anasali wapi?"

"Si unajua, mzee. Katoliki."

"Basi binti yangu hatoki nje ya Ulutheri. Kuleni kuku, mwende salama."

Nilidhani nimesikia vibaya. Dada yake mwenyewe ameolewa na Mkatoliki, na kwenye harusi ile yeye ndiye aliyecheza mpaka kisigino cha kiatu kikabaki ukumbini! Walipotoka nikamwambia, "Baba Brayson, hilo ni dhehebu au ni Jitu?" Akaniambia, "Mama, ameingia ngwe yangu. Sikumwita." Akafunika mashine kwa kitambaa cha meza, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa.

Mambo yangeishia hapo ningevumilia, lakini habari imefika kanisani, na huko imegeuka ushuhuda. Mchungaji Lameki amemtaja kwenye mahubiri, ati bado tunao wazee wenye msimamo. Wanawake wenzangu wananishika mkono mlangoni, "Mama, umebarikiwa mume," nami naitikia amina kwa meno. Mume wangu naye ameanza kuamini, anatembea ameinua kidevu, juzi amemshauri kijana mwingine kuhusu imani. Brightness hali, anajifungia chumbani. Na Denis, mtoto wa watu, ameanza mafundisho ili aingie kwetu, mama yake kule Ludewa analia, anasema amemzika mtoto mzima. Kijana anaacha kanisa alilobatiziwa, Shangazi, kwa sababu ya shoka la kwenye televisheni!

Nikisema ukweli, namvua nguo mume wangu mbele ya usharika wote. Nikinyamaza, mwanangu anaolewa juu ya uongo au haolewi kabisa. Nimeomba, nimefunga, sijajibiwa, nimeona nijaribu na wewe. Nifanye nini?

Mama Brayson, Makambako

*

Mama Brayson wangu,

Pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Usiogope, majina yote tumeyabadilisha. Jitu tu ndilo tumeliacha na sura yake, maana halina usharika.

Mfikishie kwanza mume wako pongezi. Nimeona baba waliokataa posa kwa sababu ya kabila, kwa sababu ya ng'ombe mwembamba, hata kwa sababu ya ndoto ya bibi. Aliyekataa kwa sababu mshenga ana vidole vyepesi, huyu wa kwenu ndiye wangu wa kwanza. Na kanisa likampigia makofi! Mtu ana miezi analala kifudifudi mbele ya lango moja, leo anaitwa nguzo.

Lakini nisimcheke peke yake. Huyo Bwana Romanus amefundishwa ushenga na nani? Mshenga akiingia kwa watu mikono inakaa mapajani. Hufungui sufuria, huhamishi kiti, hummalizii mzee wa nyumba Jitu lake. Mtu amelima ngwe yake kwa jasho na aibu, amebakiza jembe la mwisho, mgeni anakuja na chai yake tumboni anapiga hilo moja na kusema nimekumalizia. Mume wako ameumia kweli, na hapo namhurumia. Alipokosea ni pale alipochukua kidonda cha gemu akakifunga kwa joho la Luther, halafu akamwachia binti yake maumivu.

Sasa tuje kwako, mwenzangu wa darasa la saba usiyejua mambo ya mashine.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema Jitu linainua shoka mara mbili na kuvuta pumzi, unajua pa kuingilia, unajua na mguu wa kuchoma. Haya, labda umeyaona ukipita na sinia. Lakini bustani ya maji meusi umeionaje? Na yule mama wa taa? Mume wako hakuwahi kulipita lango. Romanus aliliangusha Jitu, akaweka pedi chini, mashine ikazimwa, ikafunikwa kitambaa. Brayson yuko Mbeya na mashine yake mpya. Basi nani huyo, Mama, anayeingia kwa lile jina la Brayson mchana, mzee akiwa dukani, akalipita Jitu, akavuka bustani, akafika mpaka kwa mama wa taa na kugundua kuwa ni mbaya zaidi?

Usinijibu. Nakuona unavyoinamisha kichwa kama uko kwenye maungamo.

Sikulaumu kwa kucheza. Mvua za huko nazijua, na mtu hawezi kumenya viazi mwaka mzima. Nakulaumu kwa hili: ulikuwa na dawa ya nyumba yako mfukoni, ukaenda kufunga na kuomba, kisha ukamlalamikia Mungu kwamba hajibu. Alikujibu kabla hujauliza. Alikupa vidole.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii, kabla Denis hajamaliza mafundisho yake na mama yake hajamaliza machozi.

Baba Brayson akirudi kutoka dukani, mpe chakula, ashibe. Kisha toa kile kitambaa, washa mashine, fungua jina la Brayson, mwonyeshe bustani ulipofika, kisha lianze gemu upya mbele yake. Usimhubirie. Mwache akuone ukiingia chini ya ule mkono wa kushoto. Labda atatoka nje akatazame parachichi gizani. Akirudi, mwambie ulishalimaliza kabla ya mgeni, na ulinyamaza kwa sababu ile ilikuwa ngwe yake na hakukuita. Hapo ataelewa mambo mawili kwa pamoja. Ataelewa heshima ni nini, maana umemtunzia muda wote huu ndani ya nyumba yake. Na ataelewa kwamba Romanus hakumwibia chochote. Huyo alikuwa wa pili!

Akishapoa, aende mwenyewe kwa Mchungaji Lameki aseme maneno machache: nilikataa kwa hasira, si kwa imani. Jitu si lazima alitaje, Mungu analijua. Akikataa kwenda, mwambie utakwenda wewe, na wewe utalitaja, na muziki wake utauimba, maana uko kwaya. Atakwenda.

Denis aambiwe leo hii asimamishe mafundisho. Akitaka kuwa Mlutheri, awe kwa sababu ameitwa na Mungu. Wasali wapi yeye na Brightness, hilo ni la wao wawili na wachungaji wao, tena kwa nafasi, bila shoka juu ya kichwa cha mtu.

Romanus arudi na posa, na kabla hajasema habari ya maua kwenye nyumba, aseme hivi: "Mzee, niliingia ngwe yako bila kuitwa, nisamehe." Asiongeze neno. Hasa asiongeze habari ya mguu. Na siku hiyo televisheni iwe imezimwa, la sivyo hao wageni mtawazika kwenye kochi.

Wewe, Mama, mlishe binti yako, mwambie baba yake si mkatili, ni mtu aliyeshindwa na kitu kidogo akaona haya kukiri, kama wanaume wengi waliokwisha kuoa vizuri.

Posa ikishapokelewa, mzee wako atarudi kwenye kochi lake, atalianza gemu upya, Jitu ataliua kwa mkono wake mwenyewe, na utapiga kigelegele kama hujawahi kuliona likianguka. Kisha ataingia kwenye ile bustani, na mama wa taa atamuua, na atamuua tena. Siri yake unaijua. Nyamaza. Menya viazi vyako. Hiyo ni ngwe yake, Mama Brayson, mwache afe kwa amani mpaka atakapokuita.

Shangazi Conjesta