Filamu Zisizohitaji Msimulizi

Laare, Meru
Jumapili, 9 Juni

Kaka yangu mpendwa Gachoki,

Pokea salamu zetu nyingi, mimi na shemeji yako Ruguru. Ni matumaini yangu kwamba wewe, shemeji Neema na watoto mko salama huko Arusha, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimetulia. Huku kwenye vilima vya Nyambene baridi imekaza. Miraa haichipuki vizuri, na watu wanavaa makoti mpaka saa sita mchana. Mama yuko kwetu Manyatta, kule Embu, na mkongojo wake, lakini nasikia bado anachuma majani ya chai mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Najua umenipigia simu mara nyingi na sijashika. Ruguru amekuwa akikujibu kwamba niko kazini. Tafadhali usikasirike. Nimeona heri niandike kwa kalamu, kwa sababu mambo yenyewe hayaingii kwenye ujumbe wa simu. Ruguru ataipeleka barua hii kwa watu wa basi la Namanga, kisha atakuarifu uende kuipokea.

Nianze na swali lako. Uliniuliza watu wa huku wanapenda kusoma nini na kutazama nini, ukilinganisha na watu wa huko, maana unataka kufungua duka la vitabu na filamu za Tanzania pale Embu mjini. Tena ulisema umeshamwarifu mwajiri wako kwamba mwisho wa mwezi unaondoka. Neno hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi.

Kaka, ladha zetu si moja. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba mama anayeuza vitumbua mtaani kwenu hufuata riwaya ya mapenzi kwenye simu, kipande baada ya kipande, na kipande kikichelewa anampigia mtunzi kumgombeza. Hilo huku sijaliona. Zile riwaya ulizonitumia nilimpelekea Teresia, yule anayetandaza vitabu kwenye turubai pale soko la Gakoromone. Watu walizishika, wakazipindua, wakauliza kama zinatahiniwa shuleni. Teresia aliposema hapana, walizirudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Kuna mwalimu aliyetaka kitabu cha maswali na majibu, na kijana wa benki aliyetaka kitabu cha kumfundisha kutajirika, tena kwa Kiingereza. Teresia aliisoma moja yeye mwenyewe, akalia mbele ya wateja. Aliniambia Kiswahili cha Tanzania ni kitamu, ila kinamfanya mtu ajione amerudi darasani na hajafanya kazi ya ziada.

Upande wa filamu ni vivyo hivyo. Unakumbuka ukumbi wa Salesio, ule wa mabati nyuma ya mahali wanapofungia miraa. Wafungaji wakimaliza kazi alasiri huingia pale na mashavu yamejaa miraa. Wanataka filamu za Wachina wanaoruka juu ya paa, za Wahindi, za vita vya Wamarekani. Huko kwenu mna filamu zenu, za mama mkwe na mchawi na tajiri aliyemtelekeza mkewe, na watu wanakaa kwenye ukumbi mnaouita kibanda umiza wanalia pamoja. Hata wasimulizi wenu, ulisema, hutafsiri kwa makini ili mtazamaji aelewe. Huku hakuna anayetaka kuelewa. Watu wa Laare walikuja kwa sababu mimi, nikisimulia kwa maikrofoni, nilimfanya jenerali wa Kichina awe jirani yao, akapigana na kijiji kizima kwa sababu ng'ombe ameingia kwenye shamba lake la miraa. Nilikuwa nikichanganya Kiswahili na Kimeru changu cha mtu wa Embu, na makosa yangu yaliwachekesha kuliko filamu yenyewe. Kobia, yule mfungaji mkubwa wa mwili, alicheka siku moja mpaka benchi likavunjika, na wote waliokuwa juu yake wakaanguka.

Kisha mwaka jana nikaanza kuweka filamu za Tanzania ulizonitumia. Siku ya kwanza ilikuwa ile ya mwanamke anayefukuzwa na mumewe usiku wa mvua. Baada ya muda Kobia alisimama, akauliza mbona sauti yangu, sauti ya Nthiga, haisikiki. Nilimjibu kwamba filamu hii inasema Kiswahili yenyewe, haihitaji mtu wa kuisimulia. Akasema, "Basi hata sisi haituhitaji." Akatoka, na nusu ya ukumbi ikamfuata.

Sikukoma. Niliweka nyingine wiki iliyofuata, na nyingine tena. Wanawake wachache wanaouza chai walianza kuja, wakakaa mbele na kujifuta machozi kwa leso, lakini hawakutosha kujaza hata mabenchi mawili. Salesio aliniomba kwa upole niache. Baadaye aliniomba bila upole. Mimi nikawa nakuandikia, "Kaka, tuma nyingine." Nawe ukafurahi, ukamwambia shemeji kwamba Meru imefunguka. Mwishowe Salesio aliniita nje akaniambia amempata kijana kutoka mji wa Maua, anayecheza sauti za wasimulizi zilizorekodiwa Nairobi. Ukumbi ulijaa tena siku hiyo hiyo. Nilipita barabarani nikawasikia wakicheka.

Sasa nisome polepole.

Sikuziagiza filamu zako kwa sababu watu walizipenda. Niliziagiza kwa sababu hazikuhitaji sauti yangu, na mimi sauti ilikuwa inaniishia. Ilianza kama mafua. Nilikunywa tangawizi, asali, mwarobaini, kila kitu nilichoambiwa. Kanisani waliniombea. Kila siku niliyoweka filamu ya Tanzania ilikuwa siku ya kulipumzisha koo, na niliamini nikipumzika vya kutosha nitaamka nimepona. Sikumwambia Salesio. Sikukuambia wewe pia, nikakuacha ujenge duka zima kichwani juu ya uongo wangu. Kisha nikaanza kutema damu.

Hospitalini Embu waliingiza kamera kooni. Daktari alisema ni saratani, imekaa kwenye kisanduku cha sauti, na njia ya kuniokoa ni kukiondoa chote. Nitakuwa napumulia kwenye tundu la shingo. Ruguru aliuliza kama nitasema tena. Daktari alijibu kwamba kuna namna ya kujifunza upya, polepole, lakini sauti hii niliyozaliwa nayo hairudi. Alikuwa mtu mpole. Sikuweza kumtazama.

Siku waliyonipangia kwanza sikuingia. Nilifika lango la hospitali nikageuka, nikarudi Laare. Nilimwambia Ruguru kwamba mimi sina shamba wala cheti, nina mdomo tu, na wakiukata mdomo huo atabaki na mume gani. Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. Alisema, "Mimi sikuolewa na maikrofoni." Kisha akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Wamenipangia tena Ijumaa hii, na daktari amesema hakutakuwa na kupanga mara ya tatu, ugonjwa hautasubiri. Ruguru amefunga begi. Naogopa, kaka. Nikiwa peke yangu nasema majina yenu kwa sauti, lako, la Mama, la marehemu Baba, na yanatoka kama gunia linaloburutwa kwenye changarawe.

Lakini lililonivunja si hilo. Wiki iliyopita nilijiambia, acha Mama anisikie kabla hawajanikata. Nilimpigia. Aliuliza ni nani. Nikamwambia ni mimi, Nthiga. Akasema kwa Kiembu kwamba mwanawe hana sauti kama hiyo, anamjua mwanawe. Nikajaribu kumtajia jina la nyanya, na mahali tulipomzika Baba. Akasema, "Ninyi wakora mnajua kila kitu siku hizi, juzi mwenzako alinipigia akisema ni wa benki." Hakunitukana. Alisema ataniombea niache wizi, maana hata mimi nina mama mahali fulani anayenifikiria. Akakata. Nilipopiga tena alikuwa ameizima simu.

Nilibaki nimekaa kitandani. Ruguru alitaka ampigie amweleze, nikamkataza. Neno kama hilo halifai kupitia simu ileile iliyomdanganya.

Kwa hiyo nakuomba, kaka. Ukishasoma hii, kesho yake rudi kwa mwajiri wako ulimeze lile neno la kuondoka. Usinunue vitabu vyovyote, wala filamu. Panda basi uje mikono mitupu. Na usije hospitalini kwanza. Pitia Manyatta. Mweleze Mama polepole, ukiwa umekaa karibu naye, kwamba yule mtu ambaye yeye alimkatia simu hakuwa mwizi. Kisha mlete Embu kabla ya Ijumaa, hata kama miguu inamuuma, hata kama itabidi umbebe. Sitaki anisikie tu. Nataka atazame mdomo wangu wakati nikimwita, aone ni mimi ninayesema.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Ruguru anawasalimu wote. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Nthiga