Kadi Nne, Mageti Mawili

Jumatatu, 9 Juni
Seva mpya imefika kwenye kituo chetu cha afya. Ina kadi nne za mtandao: ya maabara, ya wodi, ya intaneti, ya nakala za akiba. Nimepanga yote kichwani. Kuchora kwenye karatasi ni kazi ya wanafunzi. Mama Minza, mfanya usafi wetu, kapiga deki chumba cha seva, kanisalimia yeye kwanza. Nimeitikia bila kuinua macho. Kwetu Zagayu ningempigia magoti mama wa umri wake. Ofisini nimeacha.

Jumanne, 10 Juni
Taa zote kijani. Mganga mfawidhi kanisifu mbele ya watu. Nimevimba kichwa.

Jumatano, 11 Juni
Balaa. Majibu ya maabara hayafiki wodini. Mara yanakuja, mara kimya. Mjamzito anavuja damu, kundi la damu halijulikani. Muuguzi kakimbia mwenyewe maabara. Mama yu hai, Mungu asifiwe.
Mganga mfawidhi kafoka, nani kagusa nyaya? Mtu akasema anayeingia mle na ndoo ni Mama Minza. Wote wakanigeukia mimi, mtaalamu.
"Inawezekana," nikasema.
Mdomo huponza kichwa, na mimi nimeponza cha mwenzangu. Kapewa barua ajieleze Ijumaa saa nne. Akishindwa, kazi hana.

Alhamisi, 12 Juni
Nyaya zote ziko imara. Nimejaribu mara tatu. Mwishowe nikachukua karatasi nikachora. Dakika kumi tu nikaliona kosa. Nimejaza anwani ya geti, njia ya kutokea nje, kwenye kadi mbili: ya intaneti na ya maabara. Maabara inauliza, seva inajibu kupitia intaneti, jibu linapotea. Ndoo haihusiki kabisa. Mjinga mimi.
Nimefuta geti la maabara, nikaiandikia njia yake peke yake. Majibu yanafika. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Bado niko kwenye majaribio ya kazi, naogopa. Mama Minza kapita macho mekundu. Leo hakunisalimia.

Ijumaa, 13 Juni
Saa tatu nimeingia kwa mganga mfawidhi na karatasi yangu.
"Si Mama Minza. Ni mimi."
Alidhani namhurumia tu. Ikabidi nimweleze mchoro, kadi moja moja. Barua ya mama kaichana. Yangu naandikiwa Jumatatu.

Jumatatu, 16 Juni
Onyo kali, na majaribio yameongezwa. Haki yangu. Mchoro nimeubandika mlangoni pa chumba cha seva.
Mama Minza alikuwa anapiga deki korido. Nikapiga magoti pale pale kwenye maji, nikamwamkia kwa lugha ya kwetu.
"Mwangaluka, mayu."
Akakamua dekio kwanza, bila haraka. Kisha akaitikia. Akasema ninyanyuke, sakafu bado mbichi. Sketi imekauka saa sita.