Triga ya Shemeji

Jumanne

Eti kidole chake kitachanganyikiwa! Nimefika nyumbani bado nabishana naye kichwani.

Mwezi uliopita Idi, kaka wa mke wangu Amina, aliniletea bastola yake kwenye karakana yangu ya bunduki nimlainishie triga kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha. Nikaifanya kazi ile kwa moyo wote. Ukiigusa tu, imeitika. Jumamosi kashinda, na kombe kalileta hapa kwetu. Amina kaliweka juu ya kabati la televisheni.

Leo nimempitia kazini, kwenye supamaketi anayoilinda kule mtaa wa Observatory. Kiunoni ana bastola ileile, na triga ileile.

“Shemeji, si tulikubaliana hiyo ni ya mashindano tu? Ilete nikurudishie springi yake ngumu, ya kazini.”

“Aah, shemeji! Leo nyepesi, kesho ngumu, kidole si kitachanganyikiwa siku ya shida? Usihofu, iko sharp.”

Sharp! Kule mashindanoni anapiga kadibodi, na mkono umetulia. Pale mlangoni mwa supamaketi watu wanasukumana, mara makelele, mara mtu anachomoka mbio na mkate. Mkono ukimtetemeka kidogo tu...

Nimemwomba Amina aseme naye. Kanijibu kwamba namwonea kaka yake wivu.

Eish. Na kinachoniuma ni kwamba sijawahi kutengeneza triga nzuri kama ile. Kila nikilitazama lile kombe, natamani ningeiharibu ile triga.