Ndege Aliyeokotwa na Mama Yako

Birongo,
Posta ya Kisii,
14 Agosti 1973

Mpwa wangu mpendwa Nyanchera,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kikohozi cha baridi ya Julai kimekuacha. Sisi hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri, chai inachumwa, na goti langu linauma kama linavyostahili goti la mwalimu mstaafu.

Uliniandikia kwamba hutakanyaga nyumbani tena mpaka mama yako akubali kula ulichopika. Sikushangaa. Kumwaga sufuria nzima ya chakula chako mbele ya wageni ni jambo zito, na ingawa mimi ni kaka yake, sikuweza kumtetea.

Basi nilimwendea. Nilimweleza niliyoyaona uliponitembeza kule makumbusho unakofanya kazi: ndege wamelala chali kwenye droo, mabawa yamekunjwa, pamba mahali pa macho, na kila mguu umefungwa kikaratasi cha kuonyesha alikopatikana. Nikamwambia kwamba hata msitu ukifyekwa, mtoto ambaye hajazaliwa atamjua ndege aliyeishi humo. Alinisikiliza huku akimenya ndizi, kisha akasema, "Mwalimu, tulimsomesha miaka yote ile, naye akaenda kusomea kazi ya paka."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Lakini hofu yake si mzaha. Unajua alivyoshika Sabato. Kwake aliyegusa mzoga ni najisi, na wewe unagusa mizoga kila siku. Nikamkumbusha taratibu kwamba hata Maandiko hayamfungi mtu huyo maisha. Jua likizama, unajisi wake umekwisha.

Alhamisi iliyopita baba yako, Okemwa, alikuja kwangu akilalamika njaa. Asubuhi mama yako alikuta ndege mdogo amekufa migombani, yule wa kijani mwenye kifua chekundu, anayenyonya maua. Alimwokota kwa mikono mitupu, akamlaza juu ya jani, kisha akakaa kutwa bila kugusa jiko. Baba yako alishindia ndizi mbivu, na hakuna aliyemweleza sababu.

Nilimsindikiza kwake. Jua lilipozama, mama yako alinawa, akasonga ugali wa wimbi, tukala sote. Ndege yule nilimpasua na kumjaza chumvi ulivyonifundisha. Shueib, mwenye duka pale Kisii, atakuletea pamoja na barua hii.

Wakati wa kuagana, mama yako alinishika mkono. "Nilidhani ningejisikia vibaya," akasema. "Nimejisikia nina njaa tu. Mwambie mwanangu aje apike. Nitakula."

Bochaberi, mke wangu, anakusalimu sana. Nawe tufikishie salamu kwa binamu yako Onchiri.

Mungu anayewalisha ndege wa angani akulinde njiani.

Mimi mjomba wako nikupendaye,

Mogire