Sauti Iliyopasuka Mlangoni

Alhamisi, 6 Machi

Imerushwa leo. Episodi ya mwisho kabla ya mapumziko, ile niliyorekodi na mafua. Nilikaa kwenye sofa na Baba, nimekumbatia mto, nasubiri aibu yangu.

Niandike vizuri, maana uzeeni nitasahau: kwenye tamthilia ya Mzingo wa Mbali mimi ni sauti ya Daktari. Picha zinatoka ng'ambo, kwa wenye kipindi, Kiswahili tunatia sisi, ndani ya chumba kilichobandikwa sponji hadi darini. Daktari alitupwa nje ya chombo cha angani mwanzoni mwa msimu, wakamtafuta, wakamkosa, wakamlilia. Leo, mwisho kabisa, mlango wa chombo unagongwa. Kwa nje! Huko ambako hakuna hata hewa. Kioo cha mlango kinafunuliwa — ni yeye. Au ni kitu chenye sura yake. Anasema maneno haya tu: "Nifungulieni. Ni mimi." Giza. Muziki. Tukutane mwezi wa tano.

Pale kwenye "ni mimi" sauti yangu ilipasuka. Pua ilikuwa imeziba, koo linawasha, na Masikio alikuwa na haraka ya kupeleka kazi. (Masikio ni mzalishaji wetu. Havui hedifoni hata akila.) Akasema imepita, nenda ukalale. Nikaenda nikalala.

Sasa leo Baba kanigeukia, macho yamelowa. "Umelia vizuri, mwanangu," akasema.

Nikasema asante.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa wa mashabiki unawaka moto. Wamegawanyika: Kambi ya Mtu na Kambi ya Nakala. Hawa wa Mtu wanasema Daktari amerudi mzima, na sauti imepasuka kwa kilio. Hawa wa Nakala wanasema ni kitu cha ile sayari kimeiga sura yake, na sauti imepasuka kwa sababu bado kinajifunza kusema. Kuna mmoja kachora mawimbi ya sauti yangu, kaweka na mishale myekundu. Ni kamasi, ndugu yangu. Umechora kamasi.

Masikio kapiga simu. Nisitie neno popote, mkataba ni mkataba. Alikuwa anacheka hadi anakohoa.

Na jibu lenyewe silijui. Tunapewa mistari yetu tu, kila mtu na yake, kama dawa za hospitali. Daktari ni mtu au si mtu — waulizwe wenye kipindi.

Jumapili, 9 Machi

Baba katoka nyumbani! Baba huyu ambaye tangu Mama afariki, na hasa tangu astaafu ukaguzi wa mizani, safari yake ndefu ni kutoka kitandani mpaka kwenye sofa. Alichukua suruali akaipeleka kwa Mama Pindo, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ikafupishwe. Nilidhani atarudi mara moja. Karudi jua linazama, uso umemwiva, anaongea kabla hajavua viatu.

Yule mama ni mbishi! Yule mama kichwa chake ni jiwe! Kumbe Mama Pindo naye anafuatilia Mzingo, tena toka msimu wa kwanza, televisheni iko pale juu ya rafu ya vitambaa. Na ni wa Kambi ya Nakala. Basi Baba kala, kaongeza, huku anamjibu mtu ambaye hayupo mezani.

Nikamuuliza kama amemwambia kuwa ile sauti ni yangu. Akasema thubutu, yule mama atadai Baba ana wakili wake ndani ya nyumba. Mama Pindo anajua tu kwamba nafanya kazi studio. Anadhani napiga picha za paspoti. Juzi juzi aliniuliza kama naweza kumficha kidevu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita kuchukua sketi yangu. Nimekuta nini? Baba kwenye stuli ya wateja, futi ya kupimia imening'inia shingoni mwake kana kwamba kaajiriwa. Mama Pindo kwenye cherehani, pini mdomoni, na bado anabishana. Pini hazimzuii hata kidogo.

Alikuwa anasema mtu aliyekaa nje muda wote ule, cha kwanza ataomba maji. Huyu anaomba mlango.

"Yuko nje, mama," Baba akasema. "Ulitaka aombe nini? Kiti?"

"Mzee Mizani, sikiliza. Ile sauti ilikuwa inatafuta njia. Haijazoea koo."

"Ilikuwa inalia. Mimi nimesikia kilio. Nakijua."

Hapo Mama Pindo akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake. Mume wake naye alikufa, lakini ni zamani, mimi nikiwa shule.

"Na mimi nakijua, mzee," akasema. "Anayelia kweli hasemi 'ni mimi'. Hasemi kitu."

Nikajifanya nakagua zipu ya sketi. Kisha Baba akaivua ile futi shingoni, akamkabidhi taratibu, na Mama Pindo akauliza kama suruali ya kijivu nayo anataka ikatwe kama ile nyingine. Baba akasema ndiyo. Ile ya kijivu haikuwa na shida yoyote.

Jumatatu, 17 Machi

Suruali zote zimekwisha kukatwa. Leo kaanza mashati. Eti mikono mirefu. Kaka kapiga simu kutoka kwake, anauliza mbona Baba hapokei, anaumwa? Nikamwambia anashona. Kaka akadhani laini ya simu ni mbovu.

Nilifikiri nitaumia. Kweli, jana nilipomwona anajitazama kwenye kioo cha Mama, nikaumia kidogo. Kisha nikamfulia shati jeupe. Nina furaha, basi. Nimemkosa baba yangu huyu muda mrefu, huyu mbishi, anayegonga meza kwa kidole. Karudi, na kilichomrudisha ni mafua yangu! Wala sitaki kulifikiria sana.

Jumatano, 19 Machi

Masikio kaniita. Nilipomwona hedifoni ziko shingoni badala ya masikioni, nikajua kuna jambo.

Wenye kipindi wamesikiliza. Kwao Daktari anasema ule mstari bila hisia yoyote, sauti imenyooka tu, na ndivyo walivyokusudia, watazamaji wasijue washike lipi. Sisi tumewamwagia machozi. Wanataka urekodiwe upya, na marudio ya Jumapili mchana yatoke na sauti mpya.

Nikamwomba auache. Akashangaa, akaniuliza tangu lini nimependa makosa yangu. Ningemwambiaje? Kwamba Baba anavaa saa tena? Kwamba jana nimemsikia bafuni anapiga mluzi?

Nikaingia kwenye sponji. Maji ya uvuguvugu, tangawizi, mgongo wima. "Nifungulieni. Ni mimi." Kavu kama biskuti. Imepita mara ya kwanza. Fundi sauti akainua dole gumba, mimi nikatoka nikiwa sina raha.

Na Baba keshamwalika Mama Pindo. Jumapili, hapa kwetu, waangalie pamoja marudio, "tumalize ubishi".

Ijumaa, 21 Machi

Nimemwambia. Isingefaa aumbuke mbele ya mgeni wake. Nimemkuta anapiga pasi ile nguo ya meza ambayo hatujaitandika tangu msiba.

"Baba, ile sauti iliyopasuka."

"Ehe."

"Sikulia. Nilikuwa na mafua. Wameurekodi upya ule mstari. Jumapili utatoka mkavu."

Pasi ikasimama. Akaniangalia vile alivyokuwa akiangalia mawe ya mizani.

"Mafua," akasema.

"Mafua, Baba."

"Si kilio."

"Si kilio. Wala si nakala inayojifunza kusema. Ni pua."

Nikangoja. Namjua mtu huyu. Aliwahi kumshtaki mjomba wake mwenyewe, mwenye duka, kwa jiwe la kilo lililokwanguliwa chini. Ukoo mzima ulimnunia, na hakurudi nyuma hata hatua. Nikajua kesho asubuhi atavaa viatu, aende kwa Mama Pindo, amwambie mama, tumebishana bure, ni pua ya binti yangu. Na suruali hana tena ya kupeleka.

Pasi ikaendelea. Akanyoosha kona, akanyoosha kona nyingine.

"Mama Pindo hajui haya," akasema.

"Hajui."

"Basi tuyaache hapa hapa."

Baba! Baba wa gramu na nusu gramu! Akainamia pasi yake, na masikio yamemwiva kama ya mvulana.

Jumapili, 23 Machi

Naandikia jikoni. Bado wako sebuleni, nawasikia. Niandike kabla hayajanipotea.

Mama Pindo alikuja saa nane kasoro, gauni jipya, kola ya kusimama, harufu ya sabuni nzuri. Baba kafungua mlango kabla hajagonga. Wakakaa kwenye sofa, katikati wameacha nafasi ya mtu mmoja, mimi nikachukua kiti cha pembeni. Hawakubishana hata kidogo. Mama Pindo akaisifu nguo ya meza. Baba akasema ni ya marehemu mke wake. Mama Pindo akaishika ncha, akautazama ushonaji wa pindo, akasema huyu aliyeshona alikuwa na mkono. Baba akatikisa kichwa kukubali, na mimi nikaenda kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Nikarudi mwisho unakaribia. Mlango ukagongwa, kioo kikafunuliwa. Sauti yangu: "Nifungulieni. Ni mimi." Kavu. Giza. Muziki.

Nikawa natazama zulia.

"Mbona leo hakupasuka?" Mama Pindo akauliza, polepole.

Nikamtazama Baba. Baba akakohoa, akajinyoosha, akakaa kama mtu anayesoma hukumu.

"Wameogopa," akasema. "Umeona? Walisahau wakatuonyesha kwamba ni mtu, sasa wamekifuta kilio. Mtu hafuti kitu ambacho hakikuwepo."

Uso mkavu kuliko sauti yangu! Hakunitazama hata mara moja.

Mama Pindo akamgeukia mzimamzima. "Wamefuta? Wamefuta ushahidi wangu, sema! Ni nakala, mzee, na sasa imejua kusema. Juzi ilikuwa inajifunza, leo imehitimu. Hukusikia ilivyonyooka?"

"Mama, hilo haliingii akilini."

"Haliingii kwako."

Na wakaanza. Baba kasogea aonyeshe kitu kwenye skrini, ile nafasi ya mtu mmoja ikaisha, hakuna aliyeitafuta. Nikakusanya vikombe nikaja huku jikoni, nacheka na chozi linanitoka, vyote kwa mpigo.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Mama Pindo, kaleta sinia. Kaliweka chini, kaegemea mlango kwa mgongo ukafungika.

"Ulikuja kupimwa sketi na mafua yale yale, chupa ya tangawizi mkononi, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Siku mbili nzima nikawa nakusikia kichwani. Kisha nikakusikia kwenye televisheni. Hakuna wa kunidanganya, picha za paspoti hazitaki mtu anywe tangawizi."

Nikaviweka vikombe kwenye karai.

"Umejua tangu siku ile ile?" nikauliza.

"Tangu siku ile ile. Ilikuwa pua." Akajirekebisha kola. "Usimwambie mzee. Akijua hakuna cha kubishania, atakuja kwangu kwa lipi?"

Kisha akafungua mlango, akapaza sauti kabla hajafika sebuleni: na jambo jingine, Mzee Mizani, umeangalia kivuli chake?

Sasa simu. Masikio kaandika: mashabiki wamechafuka, wanataka kujua kwa nini sauti imebadilishwa, tumeitwa kwenye kipindi cha Jumanne jioni. Moja kwa moja, hewani. Anataka nieleze mwenyewe habari ya mafua, tena kwa furaha, watu wacheke yaishe. Nijibu upesi, jina langu liko kwenye tangazo la leo.

Sijajibu. Jumanne jioni hawa wawili watakuwa mbele ya televisheni moja, yangu au yake, kila mmoja kamficha mwenziwe siri, na mimi ndani ya kioo nawatolea zote mbili.

Inaita. Ni Masikio. Nimeifunika na sufuria, na inaita humo humo, inanguruma juu ya meza. Kule sebuleni Baba kanyamaza katikati ya neno, anauliza ni nini kinacholia jikoni. Nikawa nafungua mdomo nimjibu.

"Si kitu, mzee," Mama Pindo kasema. "Endelea."